Kutu Haipigi Saluti: Uchaguzi wa Bitana ya Kudumu kwa Bodi ya Pikapu

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kasese huteremka kutoka vilima vya Bunyaruguru, akaingia katika uwanda mpana wa Bonde la Ufa, na baada ya kitambo hufika Katunguru, mahali ambapo barabara huvuka Mfereji wa Kazinga. Mfereji huo, wenye urefu wa kilomita 32 hivi, unaliunganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Mbele kidogo, penye njia panda ya Kikorongo, barabara moja huendelea hadi mjini Kasese na nyingine hukata magharibi kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Mtu akisimama kando ya daraja la Katunguru kwa muda wa saa moja tu, ataziona pikapu za kila namna, zile ambazo raia wetu huziita kabangali. Zimebeba samaki waliofunikwa barafu, magunia ya chumvi ya Katwe, saruji ya Hima, ndizi, mawe ya ujenzi na jerikeni za mafuta. Mara kwa mara itapita moja iliyobeba askari wa doria, wamekaa migongo kwa migongo, bunduki zao zikiwa wima kati ya magoti.

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya magari hayo, nayo ni bodi ya nyuma. Injini hutazamwa kila siku. Oili hupimwa, maji hujazwa, tairi hupigwa upepo. Lakini sakafu ya bodi, aghalabu hapana aitazamaye mpaka siku iliyotoboka. Kwa mchuuzi wa samaki, tundu katika sakafu ni hasara ya fedha. Kwa askari na polisi ni jambo kubwa zaidi, kwa maana bodi hiyo kwetu ni benchi la kukalia, ni ghala la vyakula na risasi, na katika saa ya dhiki ni machela ya kumpelekea majeruhi hospitalini. Sakafu inayobeba roho za watu haifai kuachiwa bahati.

Siku hizi mafundi katika miji yetu hutangaza dawa ya tatizo hilo: bitana ya kupulizia, yaani utando mzito wa plastiki ambao hupuliziwa juu ya bati kama rangi, ukaganda na kushikamana nalo. Kama vile bitana inavyolilinda koti, ndivyo utando huo unavyokusudiwa kulilinda bati. Zipo bitana zinazodumu muda mrefu sana, na zipo zinazobanduka kabla ya mvua ya pili. Basi mwenye gari, awe ni raia au ni afisa mwenye dhamana ya mali ya Serikali, atazitambuaje?

ADUI NI NANI?

Hapana jemadari achaguaye silaha kabla ya kumjua adui. Adui wa bodi ya pikapu ni kutu, na kutu huhitaji vitu viwili tu ili ikae: maji na hewa. Chuma kilicho kikavu kabisa hakishiki kutu. Lakini maji yakichanganyika na chumvi, kazi ya kutu huenda mbio zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kuliwa kwa chuma, katika asili yake, ni mwendo wa umeme mdogo mdogo kutoka sehemu moja ya bati hadi nyingine. Zaidi ya hayo, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo punje za chumvi zilizojificha katika pembe ya bodi huweza kulilowanisha bati hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Katika nchi hii hapana mahali ambapo jambo hilo limeonekana wazi kuliko Katwe, mwendo mfupi tu kutoka Katunguru. Ziwa la Katwe limo ndani ya shimo la volkano ya kale, na maji yake yamejaa chumvi za namna mbalimbali. Tangu zama za mababu watu wamevuna chumvi hapo kwa mikono, katika vijaruba vilivyogawanywa kwa familia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilijengwa pale kiwanda kikubwa cha kisasa, kwa utaalamu wa wahandisi kutoka Ujerumani ya Magharibi. Kiwanda hicho hakikuishi. Mabomba ya kupashia joto yaliliwa na maji ya ziwa, uzalishaji ukasimama muda mfupi baada ya kuanza, na majengo yake yakabaki kuwa ukumbusho kando ya ziwa. Wavunaji wenye makoleo na mitumbwi waliendelea na kazi yao. Mitambo ya chuma ndiyo iliyoshindwa.

Ikiwa chumvi ya Katwe iliweza kukinyamazisha kiwanda kizima, bati la pikapu lenye unene usiofika hata milimita 2 litaifanya nini? Vipande vya chumvi hupakiwa vikiwa bado na unyevu, na maji yake hutiririka sakafuni. Barafu ya samaki nayo huyeyuka njiani, ikachanganyika na damu na magamba. Kisha mchanga wa barabara ya Ishasha huingia, ukakaa chini ya mizigo na kusugua rangi kama msasa kila gari linapotikisika. Rangi ikiisha, bati hubaki uchi mbele ya adui.

AINA ZA BITANA

Ngao wanazouziwa wenye magari ni za aina tano, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni mkeka wa mpira unaotandikwa sakafuni. Bei yake ni ndogo, mizigo haitelezi juu yake, na majeruhi akilazwa hapo mtikisiko hupungua. Kasoro yake ni kwamba haulindi kuta za bodi, na maji hukaa chini yake. Mwenye mkeka sharti auinue na kuuosha pande zote mbili, la sivyo atakuwa ameifugia kutu nyumba.

Ya pili ni beseni la plastiki gumu, lililotengenezwa kiwandani kwa umbo la bodi, ambalo hupachikwa ndani na kukazwa. Hilo huhimili mapigo ya mawe na vyuma kuliko rangi yoyote. Lakini halikushikamana na bati. Gari likitikisika, beseni nalo hutikisika, na mchanga ulioingia kati yao husaga rangi kimya kimya. Mwenye gari huona plastiki nzima inayong'aa, na chini yake bati linakwisha. Tena juu ya plastiki hiyo masanduku na miguu ya watu huteleza.

Ya tatu ni bitana ya kupaka kwa brashi au rola, ambayo huuzwa katika makopo. Yeyote mwenye mikono miwili aweza kuipaka. Unene wake huwa mdogo, mara nyingi haufiki milimita 1 hata baada ya tabaka mbili. Hufaa kwa gari la kazi nyepesi, na hufaa sana kwa kuziba mikwaruzo. Bali haifai kutarajiwa iyahimili mawe ya kila siku.

Ya nne ni bitana ya kupulizia kwa mkandamizo mdogo, kwa kompresa ya kawaida ya karakana na bunduki ya mkono. Majimaji mawili huchanganywa kabla tu ya kupuliziwa. Hapo kuna aina nzuri na aina dhaifu, na tofauti hutokana na fundi kuliko kopo.

Ya tano ndiyo yenye nguvu kuliko zote: bitana ya kupulizia kwa moto na mkandamizo mkubwa. Asili yake ni plastiki iitwayo poliyurethani, ambayo mkemia wa Kijerumani Otto Bayer na wenzake waliigundua mwaka 1937, pamoja na ndugu yake mdogo poliyurea, ambaye ufundi wa kumpulizia ulikuzwa Marekani katika miaka ya 1980. Majimaji mawili hupashwa joto hadi nyuzi 60 au 80 za sentigredi, yakasukumwa katika mipira kwa mkandamizo ambao aghalabu hufika ratili 2000 kwa inchi ya mraba au zaidi, na kukutana penye mdomo wa bunduki. Kwa kulinganisha, tairi ya pikapu hutiwa ratili 30 hadi 60 tu. Poliyurea huganda kwa sekunde chache baada ya kuligusa bati, kwa hiyo fundi aweza kujenga unene wa milimita 3 au zaidi kwa mara moja, bila utando kutiririka kutani.

Bitana hiyo ndiyo inayoshikamana na bati barabara, isiyoacha nafasi ya mchanga wala maji kuingia kati. Lakini nguvu hiyo ina sharti moja, na sharti hilo ndilo kiini cha makala haya.

SIRI IMO CHINI YA BITANA

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Bitana haishikamani na bati la gari. Inashikamana na kile kilicho juu ya bati hilo. Kama juu yake kuna mafuta, itashika mafuta. Kama kuna vumbi, itashika vumbi. Na kama kuna kutu, itashika kutu, na kutu haishiki kitu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo ikiendelea kukua chini ya utando huuinua taratibu, maji hupata njia, na kazi ya uharibifu huendelea gizani, ambako hapana mkaguzi aionaye.

Nilipata kuliona gari moja la doria katika karakana fulani, ambalo bitana yake ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Kwa juu ilikuwa nyeusi na ya kupendeza, na katika kila gwaride la magari gari hilo lilikuwa likisifiwa. Siku hiyo sajenti mmoja alirukia ndani ya bodi, mguu wake ukapita sakafuni hadi gotini. Makali ya bati yalimchana paja, ikabidi ashonwe na kuchomwa sindano ya pepopunda. Fundi alipoikata bitana kwa kisu na kuifunua, chini yake hapakuwa na bati la kutosha kujaza kofia. Palikuwa na unga mwekundu. Ilidhihirika kwamba kutu ya zamani ilifunikwa bila kuondolewa, tena matundu ya bolti za benchi yalitobolewa baada ya bitana kupuliziwa, yakaachwa bila kuzibwa, na kila mvua ikapata mlango.

Gari hilo lilikuwa limepangiwa kuondoka alfajiri ya siku iliyofuata likiwa na watu wanane nyuma. Msomaji na apime mwenyewe lingefika wapi.

Kazi njema, basi, huanza siku moja au mbili kabla ya bunduki ya kupulizia kuwashwa. Mabenchi, vyuma vya kufungia kamba na mlango wa nyuma hufunguliwa. Bodi huoshwa kwa maji mengi yasiyo na chumvi na sabuni ya kuondoa mafuta, hasa kama imewahi kubeba chumvi au samaki. Kutu yote huondolewa kwa brashi ya chuma, kwa msasa, au kwa kupulizwa mchanga, mpaka chuma kionekane cheupe. Palipotoboka hukatwa na kuchomelewa bati jipya. Bitana si bati, na haipasi kuzibia tundu. Kisha chuma kilicho uchi hupakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, na rangi ya zamani iliyo nzima husuguliwa mpaka ung'aavu wake uishe, ili utando mpya upate pa kung'ang'ania.

Hata saa ya kazi ina maana. Mahali kama Katunguru, palipo na mfereji na maziwa pande zote, bati huamka na umande ambao jicho halitauona. Kanuni ya mafundi wa rangi ni kwamba bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutua. Anayepulizia alfajiri juu ya bati baridi huyafungia maji ndani. Afadhali angoje jua lipande.

KAZI YA GARI NDIYO IAMUAYO

Baada ya sharti hilo, uchaguzi hufuata kazi. Gari linalobeba chumvi na samaki kati ya Katwe, Katunguru na mpaka lahitaji utando usio na mshono wala ufa, uliopanda kutani na kwenye matao ya magurudumu hadi ukingoni, na matundu ya kutolea maji yaliyoachwa wazi. Fundi mzembe huyaziba matundu hayo kwa utando, akaigeuza bodi kuwa sufuria.

Gari linalobeba mawe na vyuma lahitaji bitana ngumu, kwa kuwa bitana laini hukatwa na makali. Gari linalobeba watu ni kinyume chake: bitana iliyo laini kidogo na yenye chembechembe hushika soli za viatu hata zikiwa na matope. Kwa gari la doria, lililo la watu leo na la magogo kesho, suluhisho jema ni bitana ngumu yenye chembechembe, na juu yake mkeka wa mpira unaotolewa kila jioni.

Jua nalo lisisahauliwe. Mstari wa ikweta hupita kaskazini kidogo tu ya Katunguru. Bitana nyingi za bei ya kawaida hupauka na kutoa unga kwa jua, ijapokuwa nguvu yake haiishi upesi. Zipo zilizotengenezwa kwa kemikali zisizopauka, na zipo zinazofunikwa kwa tabaka la mwisho la kukinga jua. Mtu ajue pia kwamba sakafu nyeusi iliyoanikwa tangu asubuhi humuunguza aikaliaye. Rangi ya kijivu au ya kijani hustahimilika zaidi.

Kuna hatari moja ambayo madereva wengi hawajaelezwa. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilitoa onyo juu ya moto unaozuka watu wanapojaza petroli katika makopo yaliyo juu ya plastiki ya bodi ya pikapu. Petroli inapomiminika huzalisha umeme tuli. Kopo likiwa chini, umeme huo hupotelea ardhini. Likiwa juu ya plastiki, hauna njia, hujikusanya mpaka ukarusha cheche, na cheche moja yatosha. Onyo hilo lilihusu hasa mabeseni ya plastiki, lakini bitana ya kupulizia nayo ni plastiki. Kwa hiyo amri iwe moja kwa magari yote: jerikeni hushushwa chini kabla ya kujazwa, na mdomo wa bomba hugusa mdomo wa jerikeni muda wote.

Na kuna uvumi mmoja wa kuondolewa. Ni kweli kwamba Jeshi la Anga la Marekani lilifanya majaribio ya kupulizia plastiki za jamii hii juu ya kuta za majengo, ili mlipuko usizivunje vipande vipande vya kuwaua walio ndani. Kutokana na habari hizo wapo wanaodhani kwamba bodi iliyopuliziwa bitana imekuwa deraya. Hasha! Ukuta mzima wa jengo ni jambo jingine. Bitana ya milimita 3 juu ya bati jembamba haizuii risasi, na askari asijikinge nyuma yake.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Mazungumzo katika karakana nyingi huwa mafupi mno, na mara nyingi huenda hivi:

"Gari litakuwa tayari lini, fundi?"

"Kesho asubuhi, afande."

"Na kutu hii ya pembeni?"

"Usiwe na wasiwasi, afande. Hii dawa inaua kutu yenyewe."

Akisikia jibu hilo, mwenye gari na alitie moto gari lake, aondoke. Hapana bitana iuayo kutu iliyokwisha kula bati. Fundi wa kweli atasema: "Nipe siku tatu, afande, na kwanza nionyeshe chini ya gari."

Swali la kwanza liwe juu ya maandalizi, kama tulivyoeleza, na mwenye gari aombe kuliona bati kabla halijafunikwa. Swali la pili ni unene, na hapo hesabu ya darasani yatosha kumfichua mdanganyifu. Tuseme sakafu ina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, eneo lake ni mita 3 za mraba. Unene wa milimita 3 juu ya eneo hilo ni lita 9. Kuta nne zenye kimo cha sentimita 40 zina eneo la mita 2.8 za mraba. Kwa milimita 2 ni lita 5.6. Jumla ni karibu lita 15 za utando uliokwisha kuganda. Fundi aliyekuja na kopo moja la lita 4, akaahidi milimita 3 bodi nzima, anaahidi kisichowezekana.

Swali la tatu: ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya chombo? Majina kama LINE-X, Rhino Linings na Raptor yanajulikana duniani, lakini jina lililochorwa ukutani mwa karakana si hakikisho la kilichomo koponi. Aombe kuliona kopo likiwa bado limefungwa, na tarehe yake ya kuharibika, kwa maana kemikali hizi huzeeka.

Swali la nne: mabenchi, vyuma vya bendera na vishikio vya redio vitafungwa lini? Matundu yote yatobolewe kabla ya kupulizia, ili utando uingie hadi kingo zake. Likilazimika tundu jipya baadaye, lipakwe rangi ya msingi na kuzibwa kwa gundi ya mpira kabla bolti haijakazwa.

Swali la tano humhusu fundi mwenyewe. Jimaji mojawapo katika mawili hayo lina kemikali za jamii ya isosayaneti, ambazo mvuke na matone yake huleta pumu. Na mtu akishaathirika, hata kiasi kidogo baadaye chaweza kumbana kifua. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii kitu. Anayepulizia yampasa avae kinyago chenye kuletewa hewa safi kwa mpira, miwani, glavu na nguo za kumfunika mwili, na wengine wote wakae mbali. Kijana wa karakana asiye na kinga hizo asipewe kazi hiyo hata kama bei yake ni nusu. Jeshi au polisi haliwezi kununua usalama wa sakafu yake kwa mapafu ya mtoto wa mtu.

BAADA YA KUPULIZIA

Gari lililotoka karakana lipumzishwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, ambao kwa kazi nzito huwa kama saa 24 au zaidi, kabla ya kupakiwa. Tangu siku hiyo, dereva awe na desturi tatu. Kila baada ya safari ya chumvi au samaki, bodi ioshwe kwa maji safi, na mlango wa nyuma uachwe wazi mpaka pakauke. Kila juma matundu ya kutolea maji yasafishwe kwa kijiti. Na kila mwezi dereva alale chini ya gari akiwa na bisibisi, agonge sakafu kwa chini, akianzia pembe za mbele, penye mishono, na juu ya fremu, mahali matope yanapojificha. Bati zima hutoa sauti kali. Bati lililoliwa hutoa sauti ya kufa, na bisibisi huzama. Sehemu hiyo ya chini hukaguliwa na wachache, nayo haina bitana; ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kwani adui aliyezuiwa mlangoni hupenda kupita dirishani.

Mikwaruzo ikitokea, izibwe siku hiyo hiyo kwa kopo dogo la kupaka, na tarehe iandikwe katika daftari la gari pamoja na jina la aliyeikagua. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo inayoamua kama bitana itaishi miaka 2 au 10.

Kutu haipigi saluti wala haiulizi cheo. Humla jenerali na kuruta sawasawa, gari la Serikali na la mchuuzi wa ngege sawasawa. Afisa anayetia sahihi ankara ya bitana, na afanye jambo moja kabla ya kushika kalamu: aende mwenyewe karakanani, alione bati likiwa uchi. Likiwa jeupe na kavu, atie sahihi. Likiwa jekundu, airudishe ankara, na doria ya kesho itumie gari jingine.